Volti za Chumba Kisicho na Feni

Tainan, 24 Juni

A-Hung,

Usiucheke mwandiko wangu. Mara ya mwisho kuandika barua kwa kalamu nilikuwa shuleni, na yenyewe ilikuwa ya kumwomba mwalimu radhi. Simu yangu iko kabatini kwa mama mkwe, kompyuta iko humo humo, na ufunguo wa kabati anatembea nao kiunoni. Anasema aliyejifungua akitazama skrini kabla mwezi haujaisha, macho yatamchuruzika hadi uzeeni. Hata karatasi hakuitaka. Tumebishana asubuhi nzima ndipo akakubali, kwa sharti kwamba niandike nimeegemea mto na nisiinamishe shingo.

Mtoto ni wa kike. Tunamwita Kaharage kwa jinsi anavyojikunja. Ana nywele nyingi kuliko wewe. Yeye mzima, mimi mzima, ila tangu afike sijapata usingizi wa kuitwa usingizi.

Kukaa mwezi wa uzazi unakujua, dada zako wa tumbo moja wamekaa. Nywele siruhusiwi kuosha, maji baridi siyagusi, upepo usinipige. Madirisha yamefungwa na feni imetolewa chumbani kabisa, nadhani ili nisiione nikaitamani. Huku nje ni joto la Tainan ulijualo, humu ndani naletewa bakuli baada ya bakuli la kuku wa mafuta ya ufuta na tangawizi, nimevalishwa soksi za sufu. Jasho linanitoka hata kwenye kope.

Sasa kazi. Mashindano ya Kaohsiung ni tarehe 17 Julai, na mwezi wangu unaisha tarehe 20. Kwa hiyo sitakuwepo. Masharti unayajua, lakini nayarudia usije ukajifanya umesahau: prosesa ikimbizwe kupita kasi ya kiwandani, ipozwe kwa feni ya kawaida tu, ipige hesabu nzito kutwa nzima. Katika zitakazobaki zimesimama kazini hadi jioni bila kuanguka, yenye kasi kubwa ndiyo mshindi. Na Bosi Yeh alisema mbele ya duka zima kwamba mfanyakazi atakayemletea kikombe ndiye atakayeshika meza ya majaribio.

Meza ile naitaka, A-Hung. Prosesa ile niliitafuta mimi, nikipima katoni nzima huku tumbo linagonga meza, mpaka nikapata hiyo moja inayokubali kukimbia bila kudai volti nyingi. Sitaki kurudi kutoka uzazi nikaambiwa nikakae kaunta kuuza nyaya za kompyuta.

Uwe mikono yangu. Anza na kasi ya gigahezi 4.0, volti 1.30, kingine usiguse. Liendeshe jaribio zito tangu mnapofungua duka hadi mnapofunga. Ikianguka niandikie imeangukaje: imeganda, imetoa skrini ya bluu, au imezima tu.

Dada yako,
Pei-ju

*

Taipei, 29 Juni

Dada Ju,

Hongera sana. Kuhusu nywele nanyamaza kwa heshima ya mtoto.

Barua yako nimeisomea kwenye ile meza uliyokuwa unapimia, na nina habari za kukuondolea uchovu. Gigahezi 4.0 ilikuwa mchezo wa watoto. Ilisimama kutwa nzima bila hata kukohoa. Nikasema kwa nini tuishie hapo? Nikapanda 4.2, ikaanguka, nikaongeza volti kidogo, ikasimama. Nikapanda 4.3, ikaanguka, nikaongeza tena. Sasa tuko 4.3 kwa volti 1.45, na jana imekwenda asubuhi hadi jioni. Imara kama nguzo.

Na usiseme sikufuata taratibu. Nimeiwekea juu yake ile pakiti ya bahati ya vitafunio vya nazi, ya kijani hasa, na tarehe yake haijapita. Unajua mashine isiyo na pakiti ya kijani inavyoota kiburi.

Bosi Yeh amefurahi kupita kiasi. Kila mteja anayeingia soko la kompyuta la Guanghua anavutwa mkono aje aione. Amesema mwaka huu kikombe kinakuja dukani kwetu.

Wewe kunywa supu tu. Mengine niachie.

Mdogo wako,
Chun-hung

*

Tainan, 1 Julai

A-Hung,

Barua yako nimeisoma nikinyonyesha, nikaisoma tena nikicheulisha, na bado sijaipenda.

Nikuambie kilichotokea hapa. Kaharage analia. Mama mkwe anasema njaa hiyo. Nampa ziwa, ananyamaza kidogo, analia. Njaa hiyo, mpe. Nampa tena. Juzi alinyonya mpaka akanitapikia shingoni, na bado analia. Mama mkwe alipotoka kwenda kuchochea supu nikamvua mtoto vile visoksi na kile kiblanketi, na hapo hapo akalala. Kumbe mwenzetu alikuwa anaona joto, na maziwa yangu ya moto yalikuwa yanamzidishia.

Ndivyo unavyoifanyia prosesa yangu. Inaanguka, unaipa volti. Ukiipa volti inapata moto, ikipata moto inaanguka, nawe unaipa tena. Mwisho utaisimamisha, ndiyo, lakini itakuwa imesimama ukingoni, na mtu akifungua dirisha tu inadondoka. Kwa 1.45 unaila pia. Haitakufa leo, ila ndani ya wiki chache utashangaa kasi ile ile inadai volti zaidi ya jana.

Naomba majibu ya vitu viwili, na usinizungushe. Joto la prosesa linafika ngapi ikiwa kazini? Na joto la chumba ni ngapi? Pakiti ya kijani naiheshimu kama unavyoiheshimu wewe, lakini haipulizi upepo.

Rudi 4.1. Shusha volti.

Pei-ju

*

Taipei, 4 Julai

Dada Ju,

Nimekusikia. Prosesa ikiwa kazini inafika nyuzi sabini na kitu, haijavuka. Chumba ni cha kawaida tu, sikupima.

Kushuka sasa hivi ni vigumu. Bosi ameshatangaza 4.3 kwa watu, na jana ameanza kuuliza kama 4.4 haiwezekani. Nimemwambia nitajaribu. Unamjua alivyo, ukimwambia hapana anakununia hadi saa ya kufunga.

Kuna jambo jingine, na tafadhali lipokee kwa moyo mweupe. Fomu ya mashindano imejazwa juzi. Ilikuwa na nafasi ya majina mawili. Bosi ameandika langu peke yake. Amesema wewe una mtoto mchanga, hutakuwepo ukumbini, na mama mzazi asipewe mambo ya kumsumbua kichwa. Ni kwa kukuonea huruma. Mimi nilitaka kusema kitu lakini wateja walikuwa wengi.

Dada zangu wa nyumbani wote wanakusalimu. Wanasema ukae mwezi wako vizuri, mgongo usije ukakusumbua baadaye.

Chun-hung

*

Tainan, 6 Julai

Chun-hung,

Leo sikuiti A-Hung.

Huruma hiyo mrudishie mwenyewe, mwambie nimeshukuru na sijaivaa. Kichwa changu hakisumbuliwi na prosesa. Kinasumbuliwa na watu wanaonionea huruma kwa kunifuta jina. Fomu inapokea marekebisho hadi tarehe 10, nakumbuka mwaka jana tulirekebisha. Utakwenda mwenyewe, na jina langu litatangulia lako.

Halafu umenijibu chumba ni cha kawaida. Duka lile halijawahi kuwa na chumba cha kawaida tangu linunue kiyoyozi kipya. Meza tunayopimia iko chini yake. Mimi nilikuwa navaa koti mle ndani mwezi wa Mei. Ukumbi wa Kaohsiung mwaka jana ulikuwaje? Nilikuwepo, nawe ulikuwepo. Milango wazi, watu wamebanana, mashine zote zinapumua moto kwa pamoja, na viyoyozi vyao vilikuwa vya kutazama tu. Ifikapo mchana pale ndani ni kama jikoni kwa mama mkwe wangu.

Kwa hiyo ilete mashine hapa. Nina chumba ambacho madirisha hayafunguliwi, feni hairuhusiwi, na mvuke wa tangawizi unapita kutwa. Ikisimama humu itasimama popote. Ikianguka humu, hiyo imara yako ni ya kiyoyozi, si ya prosesa.

Mama mkwe sijamwambia. Nitamwambia leo baada ya supu.

Pei-ju

*

Tainan, 7 Julai

Kijana Ko,

Mimi ni mama mkwe wa Pei-ju. Naandika mwenyewe kwa sababu yeye nimemwambia alale.

Jana ameniambia anataka mashine iletwe ndani ya chumba cha uzazi. Nikakataa. Nikamwambia nimelea watoto wanne na sijawahi kusikia. Hakunijibu kwa ukali, na angenijibu kwa ukali ningejua la kufanya. Aligeukia ukutani, na nilipokwenda kumtazama alikuwa analia kimya kimya, mtoto kamkumbatia. Sasa wewe hujui kwa kuwa ni mwanamume, lakini kulia ndani ya mwezi kunaharibu macho kuliko skrini kumi. Nimepima nikaona mashine ni nafuu kuliko machozi.

Njoo Jumamosi. Kama wiki hii umekwenda msibani, usije. Kama una mafua, usije. Ukifika utavua viatu nje, utasukutua mdomo, utabadili shati. Mashine itaingia ndani kwake, wewe utakaa sebuleni, pazia litakuwa limeshushwa, mtazungumza hivyo hivyo mnasikilizana. Usilete kinywaji cha barafu hata kama ni chako, ataisikia harufu yake.

Skrini hataitazama. Hilo tumekubaliana. Nitaitazama mimi na nitamsomea. Miwani ninayo.

Mama Hsu

*

Taipei, 11 Julai

Dada Ju,

Nimefika salama. Bado nanukia tangawizi, na abiria mwenzangu kwenye treni alinisogelea akidhani nimebeba chakula.

Sina haja ya kukueleza kilichotokea, ulikuwepo upande wa pili wa pazia. Lakini acha niandike nilivyoyasikia mimi kule sebuleni. Ilipowashwa humo chumbani kwako nilikuwa na uhakika. Mama mkwe wako alinimiminia chai ya tende nyekundu, nikaipuliza ipoe, na kabla haijapoa nikamsikia anasema kwa sauti ile yake, "Imekuwa bluu. Bluu yote. Ni vizuri hivyo?" Na wewe ukasema, "Umesikia, A-Hung," ukaendelea kumbembeleza mtoto. Ningependa ungenitukana.

Tuliiwasha tena, ikaanguka tena. Niliona aibu hata kunywa ile chai.

Basi nimekuachia mashine na mita ya volti. Jina lako nimelirudisha kwenye fomu jana ile ile kabla ya kupanda treni, na nimelitanguliza, karani ni shahidi. Bosi hajui bado. Kuhusu mashine nimemwambia umeomba kuiangalia. Amekasirika mpaka masikio yakawa mekundu. Anasema mashine ya mashindano imekwenda kulazwa wodi ya wazazi.

Ombi langu moja, dada. Usiishushe sana. Wale wanafunzi wa Hsinchu wanasema watakuja na 4.4. Tukienda na kasi ya chini tutachekwa hata kabla ya kuwasha.

A-Hung

*

Tainan, 14 Julai

A-Hung,

Wacha wacheke asubuhi. Sisi tunashindana jioni.

Mashine iko tayari. Mume wangu Wen-kai amekuja kutoka kazini kwake Hsinchu kumwona mwanawe, na Ijumaa ataileta Kaohsiung kwa gari, mkutane naye mlangoni pa ukumbi. Nakuandikia tulivyofanya, ili ujue kwamba sikukisia.

Mimi nimelala nimeelekea ukutani na Kaharage. Mama mkwe amekaa mbele ya skrini na miwani yake, kaniwekea mgongo kama askari wa benki. Nikimwambia bonyeza hapa anabonyeza kwa kidole kimoja, halafu ananisomea. Siku ya kwanza alikuwa anasoma kama anasoma bei za samaki. Siku ya pili akaanza kuuliza. Kwa nini ukiipa kazi nzito ile namba ya volti inashuka yenyewe? Nikamweleza kwamba ndivyo ilivyo, prosesa ikinyonya kwa nguvu umeme unalegea kidogo, na wengi wakiona hivyo wanaufidia kupita kiasi, matokeo yake kazi ikiisha ghafla volti inaruka juu na kuichoma. Akafikiri, akasema, "Basi tuiache ilegee." Tukaiacha.

4.3 haikusimama kwa volti yoyote humu chumbani. Nilipoongeza ilianguka mapema zaidi. 4.2 ilifika mchana, ikaganda. Hapo nikaacha kupanda nikaanza kushuka, hatua ndogo ndogo, kila hatua kutwa nzima au mpaka ianguke. Yenyewe ikaanza kutulia. Sasa iko 4.1 kwa volti 1.31. Jana imefanya kazi tangu uji wa asubuhi hadi kuoga kwa mtoto, chumba kikiwa na joto ambalo mama mkwe mwenyewe alivua fulana ya ndani. Juzi niliijaribu kwa volti 1.30, ikatoa kosa moja la hesabu jioni. Nikarudi 1.31. Hapo ndipo mahali pake. Si juu, si chini.

Mama mkwe sasa akipita anaigusa ubavuni kama anavyompima mtoto homa. Pakiti ya kijani ameiweka pembeni. Juu ilikuwa inaziba matundu ya hewa, na aliyeligundua hilo ni yeye, si mimi.

Naujua mkono wako, na naujua mdomo wa Bosi. Mkifika, chomekeni umeme, washeni, mkae chini. Msiguse mipangilio.

Leo nimechoka hata kalamu ni nzito. Kaharage ameanza kunitazama usoni. Ananikazia macho kama mtu anayetaka kuniuliza kitu, kisha anapiga chafya.

Dada yako,
Pei-ju

*

Kaohsiung, 18 Julai

Dada Ju,

Naandika kwenye hoteli, sitangoja kufika nyumbani.

Asubuhi tulikuwa kichekesho. Kila mashine ilikuwa na kibao cha kasi yake mbele, na yetu ilikuwa ya chini kuliko karibu zote za safu yetu. Wanafunzi wa Hsinchu walipita, mmoja akaniuliza kama tumekuja kushindana au kuchapa barua. Bosi Yeh alisikia. Aliniambia nipandishe 4.3 kabla hawajapuliza filimbi. Nikamwambia dada amesema tusiguse. Akanisukuma pembeni akawasha mwenyewe, akaingia kwenye mipangilio, na pale ndipo skrini ikamwomba neno la siri.

Dada Ju. Uliweka neno la siri.

Bosi alibahatisha mara tatu, skrini ikamkatalia kila mara. Aliniuliza mimi, nikaapa silijui. Akataka kutoa betri ya ubao wa mashine kulifuta, nikamwambia ukitoa betri mipangilio yote inapotea, tutaanza na kasi ya kiwandani na filimbi inapigwa sasa hivi. Akatoa simu akapiga nyumbani kwenu. Akaweka sauti kubwa kwa hasira, kwa hiyo safu nzima ilisikia.

Akapokea mama mkwe wako. Bosi akasema anahitaji kuzungumza na Bi. Tseng, ni dharura. Mama mkwe akamjibu, "Yuko kwenye mwezi wake, haji kwenye simu." Bosi akasema basi amuulize neno la siri tu, ni neno moja. Mama mkwe akasema, "Volti ni moja nukta tatu moja. Iache kama ilivyo." Akakata.

Wanafunzi wa Hsinchu ndio waliocheka kuliko wote. Walicheka hadi kabla ya saa sita, yao ilipozima. Waliiwasha tena wakitoa jasho, ikazima tena. Ulivyosema ukumbi utakavyokuwa ndivyo ulivyokuwa, na zaidi, kwa sababu safari hii waliweka na vibanda vya chakula ndani. Mchana mashine zilikuwa zinaanguka kila upande, unasikia tu watu wanasonya. Yetu ilikuwa imekaa pale inapiga hesabu zake kama bibi anayemenya karanga. Bosi akavuta kiti, akaketi karibu nayo. Mwishoni alikuwa anawafukuza watu wasiipumulie.

Jioni zilizobaki zimesimama ungeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Moja ilikuwa na kasi ya kutuzidi, ya mtu na mkewe kutoka Taichung, walioipima gereji kwao. Sisi wa pili. Tumepewa kikombe, si kikubwa kama chao lakini ni kikombe. Walitangaza, "Tseng Pei-ju na Ko Chun-hung." Nikapanda peke yangu, mtangazaji akaniuliza Pei-ju ndiye mimi? Nikamwambia hapana, Pei-ju ananyonyesha. Watu wakapiga makofi zaidi.

Kuhusu meza, Bosi amesema atakuandikia mwenyewe. Mimi sikutaka kuingilia. Nimechoka, naomba nilale.

A-Hung

*

Taipei, 19 Julai

Bi. Tseng,

Kwa niaba ya duka nakupongeza kwa mtoto na kwa mchango wako katika ushindi wetu wa Kaohsiung. Kikombe nimekiweka dirishani, kila apitaye anakiona. Yale ya neno la siri nimeyasamehe, tuseme yalikuwa ya joto la uzazi.

Kuhusu meza ya majaribio, nimetafakari sana. Kazi ile ina saa nyingi, ina kunyanyua vitu, na haingojei mtu. Nimeonelea A-Hung aishike kwa sasa, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo ukumbini. Wewe pumzika hata mwaka mzima ukipenda. Utakaporudi, kaunta ina kiti kizuri na kazi yake ni nyepesi kwa mwanamke mwenye mtoto. Nadhani hata familia yako italipenda hilo.

Wasalimie wote, na mama mkwe wako kwa namna ya pekee.

Yeh Kuo-tung

*

Tainan, 21 Julai

Bosi Yeh,

Mwezi wangu umeisha jana. Nimeosha nywele, nimefungua dirisha, na simu nimerudishiwa. Ningeweza kukupigia, ila kwenye simu ungenikatiza, na mimi leo nataka nifike mwisho.

Pongezi nimezipokea. Msamaha sikuuomba, kwa hiyo nakurudishia. Lile neno la siri sikuliweka kwa joto la uzazi. Nililiweka kwa sababu nimefanya kazi na wewe miaka yote hii, na nilijua kabisa mkono wako utakwenda wapi mtu akikucheka.

Umeandika kwamba A-Hung ndiye aliyekuwepo ukumbini. Na wewe ulikuwepo. Mwenye pakiti za vitafunio kwenye kibanda cha jirani alikuwepo. Wewe hukuahidi meza kwa atakayekuwepo. Uliahidi kwa atakayeleta kikombe, na ulisema kwa sauti, mbele ya watu, nikiwa nimesimama hapo na tumbo langu. Kikombe unacho dirishani.

A-Hung tumezungumza jana. Amesema anaipenda meza lakini hataki ugomvi na mimi. Nimemwambia ugomvi si wake, na kwamba pale mezani kuna viti viwili. Ana mkono mwepesi, anahitaji tu mtu wa kumwambia acha. Nitakuwa huyo mtu.

Kazi nyepesi sikutaka. Kazi nyepesi imenishinda tangu nijifungue, sijui iko wapi. Nimelea mtoto kwa mkono mmoja na kushusha volti kwa mkono mwingine, na hakuna kati ya vitu hivyo viwili kilichoanguka. Familia yangu umeitaja, basi nikujulishe. Mume wangu amesema nifanye ninavyoona. Mama mkwe hakutaka nirudi kazini hadi mtoto aote jino, tumebishana siku nzima, mimi nikasema kesho, yeye akasema jino, na tumekutana Jumatatu ya tarehe 26. Hajafurahi. Ameshafunga mizigo yake ya kuja nami Taipei hata hivyo, kwa sababu anasema hawezi kumwachia Kaharage mtu asiyejua mtoto anavyoshikwa. Ukimwona amekaa nyuma ya duka na ndoo ya nepi, msalimie vizuri. Kiyoyozi usikielekeze upande wake.

Nitafika mnapofungua. Nitakaa kwenye meza ya majaribio, kwa sababu ni yangu. Mtoto akilia nitamnyonyesha hapo hapo nimefunika kitambaa, na mteja asiyependa anaweza kutazama kikombe.

Kama bado unaona sistahili, usiniandikie tena na usimtume A-Hung. Njoo mwenyewe, simama mbele ya wateja, uniambie niinuke. Utanikuta nimeketi.

Tseng Pei-ju